Kutoka Marrakech hadi Matuta ya Erg Chebbi kwa Basi na Ngamia: Jinsi ya Kuipanga Safari

Wageni wengi wanaotaka kuiona Sahara nchini Moroko huuziwa safari ya siku tatu ndani ya gari dogo la watalii. Hupelekwa mbio kutoka kivutio kimoja hadi kingine, hupandishwa ngamia jioni kwa muda wa saa moja hivi, hulala kambini, na asubuhi mapema hurudishwa barabarani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msafiri anayetaka jambo tofauti: kusafiri kwa basi la abiria pamoja na wenyeji, kisha kuingia mchangani kwa ngamia na kukaa humo muda unaotosha. Ushauri wangu mkuu ni kwamba hesabu ya safari ianzie kwenye mwendo wa ngamia na mahitaji ya maji, na tarehe za tiketi zifuate baadaye. Wanaoanza na tiketi ndio wanaofika jangwani wakiwa wamebakiwa na jioni moja tu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ngamia aliyebeba mtu hutembea kilomita nne hadi tano kwa saa, na kwenye mchanga laini hupungua zaidi. Erg Chebbi, eneo la matuta ya mchanga lililo kando ya kijiji cha Merzouga, lina urefu wa takriban kilomita 28 kutoka kaskazini hadi kusini, na matuta yake marefu zaidi hufikia mita 150 hivi. Anayelala humo mara moja huishia ukingoni, ambako taa za hoteli bado zinaonekana na ngurumo za magari ya kuchezea mchangani zinasikika. Anayelala mara tatu huweza kwenda kwa mwendo wa saa tatu au nne kwa siku, akapumzika mchana, akavuka hadi upande wa mashariki ulio kimya zaidi, na kurudi kwa njia nyingine bila kumchosha mnyama. Ongeza siku moja Merzouga kabla ya kuingia na nyingine baada ya kutoka, kwa sababu upepo ukivuma vibaya utahitaji nafasi ya kusubiri.

Majira ya kwenda

Oktoba na Novemba, kisha Februari hadi mapema Aprili, ndivyo vipindi ninavyovipendekeza. Kuanzia Juni hadi Agosti joto la mchana linaweza kupita nyuzi 45 za Selsiasi, na katika hali hiyo hakuna haja ya kubishana na jangwa: usiende. Desemba na Januari mchana hupendeza, lakini usiku baridi hukaribia nyuzi sifuri, na barafu ikianguka kwa wingi milimani barabara ya kutoka Marrakech huweza kufungwa. Majira ya kuchipua, hasa Machi na Aprili, ndiyo yenye pepo nyingi za mchanga.

Jambo moja la saa huwapoteza wageni. Moroko hufuata muda ulio saa moja mbele ya ule wa Greenwich karibu mwaka mzima, lakini katika mwezi wa Ramadhani saa hurudishwa nyuma. Ukisafiri siku zinazokaribia mwanzo au mwisho wa mfungo, uliza kituoni saa ya kuondoka badala ya kuitegemea simu yako peke yake.

Safari ya basi

Kampuni mbili kubwa za mabasi ya masafa marefu ni CTM na Supratours. Supratours, ambayo ina uhusiano na shirika la reli la nchi hiyo, huendesha basi la moja kwa moja kati ya Marrakech na Merzouga, na kituo chake Marrakech kiko kando ya stesheni ya treni. Umbali ni takriban kilomita 560, na safari huchukua karibu siku nzima, yaani saa kumi na mbili au zaidi. Kata tiketi siku kadhaa mapema, hasa wakati wa likizo za shule na sikukuu. Mizigo mikubwa huwekwa kwenye buti na mara nyingi hulipiwa peke yake. Itunze risiti yake, kwa sababu ndiyo itakayokurudishia begi lako.

Sehemu ngumu ya safari hiyo huja mapema. Basi hupanda milima ya Atlas hadi kwenye mlango wa Tizi n'Tichka, ulio mita 2,260 juu ya usawa wa bahari, na kona za njiani ni nyingi na kali. Anayetapika garini ameze dawa yake kabla ya kuondoka, kwa kuwa ikimezwa milimani huwa imechelewa, na akae viti vya mbele ambako anaweza kuitazama barabara. Baada ya hapo njia huteremka hadi Ouarzazate, kisha hupita Boumalne Dadès, Tinghir, Erfoud na Rissani. Kwa asiyeweza kukaa kitini siku nzima, Tinghir ni mahali pazuri pa kulala, kwani magenge marefu ya bonde la Todra yako karibu sana na mji huo. Lakini anunue mapema tiketi ya kuendelea, maana basi linaweza kufika hapo likiwa limejaa. Ukikosa basi, kuna teksi za kuchangia ambazo huondoka zikijaa, na kila abiria hulipia kiti chake.

Rissani inastahili zaidi ya dakika chache za kusimama kwa basi. Pembeni mwake yako magofu ya Sijilmasa, mji ambao kwa karne nyingi ulikuwa lango la misafara iliyokwenda kufuata dhahabu kusini mwa Sahara. Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipitia hapo miaka ishirini baadaye akielekea Mali. Alinunua ngamia, akashughulikia lishe yao ya miezi minne, akaondoka na msafara Februari 1352, na ilimchukua siku 25 kufika Taghaza penye machimbo ya chumvi. Naona mpangilio wake ungali unafaa kuigwa: mnyama na lishe kwanza, njia baadaye.

Kabla ya kuondoka Rissani au Erfoud, toa fedha taslimu za kutosha kwenye mashine ya benki. Dirhamu haipatikani kwa urahisi nje ya Moroko, na wenye ngamia hulipwa taslimu. Katika miji hiyo hiyo utakutana na vijana watakaokuambia kwamba hoteli uliyoiwekea nafasi imefungwa au imehamia mikono mingine, kisha wajitolee kukupeleka kwingine. Washukuru kwa adabu, ipigie simu hoteli yako mwenyewe, na uendelee na safari.

Kumchagua ngamia na mtu wake

Usikubaliane na mtu kwa njia ya picha peke yake. Siku ile ya ziada uliyoiweka Merzouga itumie kwenda kuwaona ngamia wakiwa wamelala, kabla hawajatandikwa. Omba mablanketi yaondolewe uone mgongo: pasiwepo kidonda wala jipu karibu na nundu, wala kwenye mbavu mahali tandiko linapokaa. Tazama nundu yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo mafuta yanapohifadhiwa. Nundu iliyolegea na kuangukia upande huonyesha kwamba mnyama hajala vizuri kwa muda mrefu. Mwangalie akitembea hatua chache. Ikiwa anachechemea, au pua na midomo yake ina majeraha ya kamba, mkatae, na ueleze sababu kwa upole, maana mwenye ngamia anayesikia wageni kadhaa wakikataa kwa sababu moja hurekebisha.

Wakati wa baridi uliza pia kama kundi lina dume lililo katika majira ya kupandana. Dume la namna hiyo hutoa povu mdomoni, hukoroma kwa sauti ya kububujika, na husukuma nje kando ya mdomo kifuko chekundu chenye umbo la puto. Huweza kuuma vibaya sana. Hata mchungaji mzoefu humtenga, na mgeni hapaswi kumpanda wala kumkaribia.

Kisha kaa na mchungaji mwenyewe, si wakala wake tu, mkubaliane waziwazi juu ya mambo yafuatayo: mtalala wapi kila siku, ngamia wa mizigo wapo wangapi, maji yatatoka kisima gani au yatabebwa kiasi gani, na nani anapika. Kwa majira ya baridi kidogo nahesabu lita tano kwa mtu kwa siku za kunywa na kupikia, na ziada ya siku moja isiyoguswa. Ngamia anaweza kunywa takriban lita mia moja ndani ya dakika chache na kisha kukaa siku nyingi, kwa sababu huruhusu joto la mwili wake kupanda mchana na kushuka usiku badala ya kutoa jasho. Wewe huwezi, na ustahimilivu wake usikufanye upunguze akiba yako.

Kumpanda na kukaa juu yake

Tandiko linalotumika Merzouga huwa la mablanketi yaliyozungushwa kwenye nundu juu ya fremu, na mbele yake kuna mpini wa chuma wa kushikilia. Kwa kawaida hakuna mahali pa kukanyagia. Mkaribie ngamia kutoka ubavuni huku mchungaji ameshika hatamu, vusha mguu, kaa sawasawa, na ushike mpini kwa mikono yote miwili kabla hajaamriwa kuinuka. Ngamia hunyoosha miguu ya nyuma kwanza, kwa hiyo utasukumwa mbele kwa ghafla. Egemea nyuma mapema. Mara tu miguu ya mbele inapofuata, utarudishwa nyuma, na hapo unaujongeza mwili mbele kidogo. Wakati wa kulala, huanza kupiga magoti ya mbele, nawe huegemea nyuma tena. Wengi wanaoanguka huanguka katika hatua hizi mbili, wakati mkono mmoja una simu.

Akianza kutembea, huinua miguu miwili ya upande mmoja kwa pamoja, na ndiyo maana abiria huyumba kutoka ubavu hadi ubavu. Usipambane na mwendo huo kwa kukaza mgongo. Legeza kiuno, acha nyonga zifuate, na miguu ining'inie au ikunjwe mbele kwa zamu. Kila baada ya saa moja shuka utembee robo saa, kwa ajili ya mapaja yako na kwa ajili ya mgongo wake. Kwenye miteremko mikali shuka bila kuombwa.

Mavazi huamua kama siku ya pili itakuwa ya furaha au ya maumivu. Suruali iwe ndefu, laini na pana, isiyo na mishono minene kati ya miguu, jinzi huchubua. Kitambaa cha pamba cha mita nne hivi, kilichofungwa kilemba na ncha yake kuachwa ya kufunikia pua, hufanya kazi nyingi kuliko kofia yoyote. Ongeza koti zito la usiku, miwani inayobana pembeni, losheni ya kukinga jua na pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini. Mzigo mkubwa uache hotelini. Droni iache nyumbani kabisa, kwani bila kibali hukamatwa forodhani. Pasipoti ibaki mwilini: Aljeria iko karibu, mpaka wake umefungwa tangu 1994, na walinda usalama huweza kuuliza.

Hatari zenyewe

Watu huogopa nge na nyoka, na ni sawa kukung'uta viatu asubuhi na kutembea na tochi usiku. Mimi naogopa zaidi maji. Mwezi wa Mei 2006 mafuriko ya ghafla yaliipiga Merzouga, yakaua watu na kubomoa nyumba. Septemba 2024 mvua kubwa za kusini mashariki zilijaza ziwa Iriqui, lililokuwa kavu kwa miongo mingi. Mvua inaweza kunyesha mbali, mbingu ya juu yako ikiwa nyeupe, na mkondo mkavu ukajaa. Kwa hiyo usikubali kamwe kambi iwekwe ndani ya bonde kavu la mto, hata kama kuna kivuli kizuri cha migunga.

Dhoruba ya mchanga ikija, ngamia hulazwa na wewe hukaa upande wao usiopigwa na upepo, umejifunika uso, bila kujaribu kuendelea. Usiku usitoke kambini peke yako hadi usipoiona taa yake. Matuta mawili yanatosha kuificha, na upepo hufuta nyayo. Mtu akianza kuchanganyikiwa, ngozi ikawa moto na jasho likakata, mweke kivulini, mloweshe maji na kumpepea, na uombe msaada mara moja. Namba za dharura ni 177 kwa askari wa mashambani na 15 kwa gari la wagonjwa, lakini muulize mchungaji mapema ni tuta gani linalopata mtandao.

Aliyemaliza Erg Chebbi na kutamani safari ndefu zaidi aelekee magharibi, M'Hamid, na kutoka huko kwa siku kadhaa hadi Erg Chigaga, eneo jingine la matuta. Hiyo ni safari ya mtu ambaye tayari anajua mwili wake unavyostahimili tandiko.

Mkitoka mchangani, mpe mchungaji ahsante yake mkononi mwake mwenyewe, mbali na malipo ya mwenye hoteli, kwa kuwa mara nyingi hao ni watu wawili tofauti. Tiketi ya basi la kurudi Marrakech iwe imenunuliwa kabla hujaingia jangwani, na iwe ya siku inayofuata, si ya asubuhi ile ile mnayotarajia kutoka.