Namna ya Kumpata Mlezi wa Kitaaluma na Kudumu Naye

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mhasibu mmoja kijana aliyetaka kuhamia kwenye ukaguzi wa hesabu, ambaye alikuwa amewaandikia wakaguzi kadhaa akiomba wamlee kitaaluma na hakuna aliyemjibu. Nilipozisoma barua zake sikuona kosa la adabu wala la lugha. Kilichokosekana ni jambo ambalo msomaji angeweza kulijibu. Kwa sababu hiyo hatua ya tatu hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote. Ninaposema mlezi namaanisha mtu mwenye uzoefu anayekubali kukuongoza kwa kipindi fulani bila kuwa msimamizi wako wa kazi, kwa maana ni vigumu kumfungulia moyo mtu anayeandika tathmini yako ya mwaka.

Hatua ya 1: Bainisha mahali unapokwama

Chukua karatasi uandike jambo moja unalolifanya sasa, jambo unalotaka kuweza kulifanya, na kitu kinachokuzuia. Ukiishia kuandika kwamba unataka kukua kikazi, bado hujafika. Endelea mpaka upate sentensi ambayo mtu wa fani yako akiisoma atajua mara moja unazungumzia nini.

Hatua ya 2: Mtafute aliyekutangulia kidogo

Watu wengi humlenga yule mwenye jina kubwa kuliko wote katika fani. Mimi napendelea mtu aliyekutangulia kwa miaka michache tu, mitano hadi kumi, kwa kuwa bado anakumbuka alivyokwama mahali ulipo, na zana anazotumia ndizo utakazotumia wewe. Mkongwe wa miaka thelathini ana hekima nyingi, lakini mara nyingi amekwishasahau kilichokuwa kigumu mwanzoni.

Usiishie kwa marafiki wa karibu. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alieleza kwamba watu tunaofahamiana nao kwa mbali ndio hutuletea habari tusizokuwa nazo, kwa kuwa rafiki wa karibu huishi katika duara lile lile tunaloishi sisi. Kwa hiyo waulize waliosoma nawe zamani, wafanyakazi wenzako wa kazi iliyopita, na watu mliokutana nao kwenye mafunzo: nani anaifanya kazi hii vizuri na huwa na subira ya kueleza? Sehemu ya pili ya swali hilo ina uzito sawa na ya kwanza.

Hatua ya 3: Tuma ombi dogo lenye kazi ndani yake

Barua inayosema "naomba uwe mlezi wangu" inamtaka mtu asiyekujua aahidi muda usio na kikomo kwa mtu ambaye hajaiona kazi yake. Mwenye shughuli nyingi halikatai ombi la namna hiyo. Huliweka kando akidhani atalirudia, na siku zikapita. Ushauri wangu ni kwamba neno mlezi lisiwemo kabisa katika barua ya kwanza. Omba jambo moja linaloweza kujibiwa kwa dakika kumi, na uambatishe kitu kinachoonyesha kwamba umeshahangaika nalo mwenyewe.

Njia hii ina historia ndefu. Tarehe 16 Januari 1913, Srinivasa Ramanujan, aliyekuwa karani wa hesabu katika ofisi ya bandari ya Madras, India, alimwandikia mwanahisabati G. H. Hardy wa Cambridge. Alijitambulisha kwa maneno machache, kisha akaambatisha kurasa zilizojaa kanuni alizozifikia mwenyewe. Wanahisabati wengine wawili wa Uingereza walikuwa wameandikiwa kabla bila kumsaidia. Hardy alizichunguza kanuni hizo pamoja na mwenzake J. E. Littlewood, na mwaka 1914 Ramanujan akawasili Cambridge. Karne moja kabla yake, mwaka 1812, Michael Faraday, mwanagenzi wa kujalidi vitabu jijini London, alihudhuria mihadhara ya mkemia Humphry Davy, akaandika maelezo yake kwa makini pamoja na michoro, akayajalidi na kumpelekea Davy mwenyewe. Machi 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi wake wa maabara. Aliyepokea alipewa kitu cha kukipima, na ndicho unachopaswa kukitoa nawe, hata kama kazi yako ni ukurasa mmoja tu.

Hii ndiyo barua tuliyoiandika upya na yule mhasibu:

"Nimesoma maelezo yako kuhusu ukaguzi wa bidhaa za ghalani. Mimi ni mhasibu na ninajifunza ukaguzi. Nimeandaa karatasi ya kazi kwa ghala la kubuni lenye aina 400 za bidhaa, nayo nimeiambatisha. Nimechagua bidhaa za kuhesabu kwa nasibu, lakini naona bidhaa chache zimebeba sehemu kubwa ya thamani yote na huenda zisiingie kwenye sampuli. Je, ungeanza na thamani, au ungebaki na nasibu? Jibu la sentensi mbili litanitosha."

Jibu lilikuja: zihesabu zote zenye thamani kubwa, halafu chagua kwa nasibu katika zilizobaki. Kisha mkaguzi yule akaongeza jambo ambalo hakuulizwa, kwamba kutoka kwenye orodha kwenda rafuni kunathibitisha tu kuwa kilichoandikwa kipo, na kwamba ni lazima pia kuchukua vitu rafuni na kuvitafuta kwenye orodha ili kujua kama kuna visivyoandikwa. Nyongeza kama hiyo ni dalili ya kuitazama kwa makini, kwa sababu anayekueleza zaidi ya ulichouliza anafurahia kufundisha.

Kabla ya kutuma, zingatia mambo yafuatayo, kwa maana lolote kati yake linaweza kuharibu barua nzuri. Usiambatishe nyaraka halisi za mwajiri wako wala za mteja, hata ukifuta majina, kwa sababu takwimu zenyewe mara nyingi humtambulisha mwenyewe; tengeneza mfano wa kubuni kama ule wa ghala. Usitume barua ile ile kwa watu kumi, kwa kuwa watu wa fani moja huzungumza. Tumia barua pepe. Najua wengi wamezoea ujumbe wa sauti kwenye simu, lakini ujumbe wa sauti humlazimisha mwenzako asikilize kwa mwendo wako, hauwezi kupitiwa kwa jicho, na hautafutiki baada ya miezi sita. Kiambatisho kisizidi kurasa mbili. Usipojibiwa, subiri wiki mbili ukumbushe mara moja tu, kwa sentensi mbili zisizo na lawama, kisha umwache na umwandikie mwingine. Ukimya wake haukuambii lolote kuhusu kazi yako. Ama kuhusu malipo, anayetaka ada ili ajibu swali la kwanza anauza huduma ya ushauri. Ni biashara halali, lakini si ulezi ninaouzungumzia hapa.

Ukijibiwa, ufanyie kazi ushauri huo kwanza, ndipo uandike tena kueleza ulichokifanya na matokeo yake, ukiwa na swali jipya lililotokana na matokeo hayo. Baada ya mizunguko miwili au mitatu ya namna hii, omba kikao cha nusu saa.

Hatua ya 4: Kikao cha kwanza

Peleka maswali mawili siku moja kabla. Fika mapema. Kikao kimalizike kwa wakati mliokubaliana hata kama mazungumzo yamenoga, na kabla ya kuagana muulize kama angependa mkutane tena na baada ya muda gani. Kwangu, mara moja kwa mwezi inatosha.

Hatua ya 5: Rudisha taarifa

Uhusiano huu hufa kwa sababu mlezi hajui kama maneno yake yalifika popote. Weka daftari moja, la karatasi, kwa ajili ya vikao hivi tu. Upande wa kushoto andika alichokushauri na tarehe. Upande wa kulia uache wazi mpaka utakapokuwa umekitekeleza, kisha uandike kilichotokea. Kikao kinachofuata kianze na upande wa kulia. Pale ambapo ushauri haukufaa, sema hivyo kwa heshima na ueleze sababu, kwa kuwa mlezi anayesikia mafanikio tu hawezi kurekebisha mwongozo wake. Na akikutambulisha kwa mtu mwingine, mwandikie mlezi wiki hiyo hiyo kumweleza mlichozungumza na mtu huyo, maana ametumia jina lake kwa ajili yako.

Hatua ya 6: Tarajia uhusiano ubadilike

Mwaka 1983 mtafiti wa Marekani, Kathy Kram, alieleza kuwa ulezi wa kazini hupitia vipindi vinne: kuanza, kustawi, kutengana, na kujengwa upya kwa sura nyingine. Wengi hawajiandai kwa kipindi cha tatu. Mwanagenzi akishakuwa na uwezo wake, mashauri ya zamani huanza kumbana, na mlezi anaweza kuhisi kwamba anapitwa. Hata Faraday alipochaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, mwaka 1824, aliyempinga ni Davy, aliyekuwa rais wa chama hicho.

Ukiona vikao vimekuwa vya salamu tu, usiviache vife kwa kuahirisha ahirisha. Mwandikie barua ya kushukuru, utaje mambo mawili au matatu uliyojifunza kwake na mahali unapoyatumia, useme wazi kwamba vikao vya kila mwezi vimefikia mwisho, kisha upendekeze namna mtakavyoendelea kuwasiliana: pengine kusomeana kazi kila mmoja anapokuwa na jambo gumu. Ikiwa tayari kuna mvutano kati yenu, barua hiyo iwe fupi zaidi, shukrani zibaki zote, na pendekezo la kuendelea liachwe kwake aamue.