Somo: Mbolea ya maji ya alizeti pori

Wakuu, tunazungumzia Tithonia diversifolia, ile yenye maua ya njano inayojaa kando ya barabara Magharibi mwa Kenya na Usambara. Asili yake ni Meksiko. Majani yake makavu yana naitrojeni karibu asilimia 3.5 na potasiamu karibu 4.

1. Kata kabla haijachanua. Chukua majani na ncha laini tu. Ikishatoa maua shina linakuwa gumu, halafu mbegu zinaingia shambani na utazing'oa miaka mingi.

2. Katakata kwa panga vipande vya sentimita 3 hadi 5. Jaza kilo 25 kwenye gunia, tia jiwe ndani lizame, funga mdomo.

3. Tumbukiza gunia kwenye pipa lenye lita 100 za maji. Funika kwa kitu kinachopitisha hewa. Liweke kivulini, mbali na dirisha la jirani, maana harufu yake haina adabu.

4. Kila baada ya siku 3 inua gunia, lishushe, koroga. Baada ya wiki 2 hadi 3 maji yanakuwa meusi na povu linaisha.

5. Changanya lita 1 ya mbolea na lita 2 za maji. Mwagia udongo kuzunguka shina, jioni, si juu ya majani. Makapi yapeleke kwenye mboji.

Swali: Sukuma wiki yangu imeungua kingo baada ya kumwagia. Kwa nini?

Jibu: Umetumia nzito, au udongo ulikuwa mkavu. Mwagilia maji kwanza, kisha mbolea. Miche michanga ipe moja kwa nne.

Swali: Naweza kufukia majani mabichi bila kuloweka?

Jibu: Ndiyo, kilo 3 kwa mita moja ya mraba, ila subiri wiki moja ndipo upande, maana yakiwa yanaoza huchoma mizizi.

Swali: Kwa hiyo niache kununua mbolea ya dukani?

Jibu: Hapana. Mmea huu si jamii ya kunde, hautengenezi naitrojeni kutoka hewani. Unahamisha rutuba ya ua wako, yaani uzio wa alizeti pori, kuipeleka bustanini. Ukikata bila kurudisha kitu, ua nao utachoka. Fosforasi yake pia ni ndogo, chini ya asilimia nusu. Udongo ukiwa na upungufu mkubwa, ongeza mbolea ya Minjingu, ile ya mawe ya fosfeti kutoka Tanzania.

Swali: Mashina yaliyobaki?

Jibu: Yaanike juani hadi yakauke kabisa. Ukiyatupa kwenye unyevu yanachipua.