Kusafisha na kurekodi "The Day Before You Came" kutoka santuri ya 1982

Single hii ya ABBA, kundi la pop la Sweden, ilitoka Oktoba 1982, kundi likiwa linaelekea ukingoni. Uingereza, walikozoea kuingia kumi bora, iliishia nafasi ya 32. Inastahili kutunzwa, lakini ni santuri ngumu: wimbo unakaribia dakika sita. Ili uenee kwenye inchi 7 kwa mizunguko 45 kwa dakika, mifereji hubanwa na sauti hushushwa. Kwa hiyo vumbi ambalo usingelisikia kwenye wimbo wa dakika tatu, hapa linapasuka waziwazi juu ya sauti ya Agnetha, mwimbaji mkuu wa wimbo huu.

Kabla ya kununua, iinamishe chini ya tochi ya simu. Mkwaruzo ambao ukucha hauukamati kwa kawaida hausumbui sana. Ukucha ukikwama, sindano nayo huenda ikaruka. Kisha tazama sehemu ya mwisho karibu na lebo. Ikiwa imefifia na kuwa ya kijivu, imeshaliwa na sindano butu: herufi "s" zitakwaruza na hakuna sabuni itakayoponya. Kagua na upande B, "Cassandra". Wimbo huo haukuwekwa kwenye mkusanyo wao wa Novemba 1982, The Singles, kwa hiyo upande huu usiupuuze.

Kuosha: changanya mililita 80 za maji yaliyotoneshwa, 20 za alkoholi ya isopropili na tone moja la sabuni ya vyombo. Maji ya kuongezea kwenye betri yanafaa, ila soma chupa vizuri. Nyingine ni asidi. Spiriti yenye rangi usiguse, huacha utando. Funika lebo, pangusa kwa kitambaa cha maikrofaiba ukifuata mzunguko wa mifereji, suuza kwa maji yaleyale matupu, acha ikauke ikiwa imesimama.

Uzito wa sindano weka kama mtengenezaji alivyoelekeza, mara nyingi gramu 1.5 hadi 2. Wengi huupunguza wakidhani wanaihurumia santuri. Sindano nyepesi mno hurukaruka na kuchimba kuta za mfereji. Tundu la katikati likiwa kubwa, weka adapta inayokaa sawasawa. Santuri ikihama katikati kidogo tu, noti ndefu za kinanda zitayumba, na wimbo huu umejaa noti hizo.

Rekodi kwa biti 24, hezi 44,100. Jaribu kwanza sehemu yenye sauti kubwa kuliko zote, kilele kisipite desibeli -6. Kwa kuwa santuri yenyewe iko chini, utatamani kupandisha. Sauti ikigonga sifuri inakatika na hairudi. Milio ya vumbi iliyobaki itoe mmojammoja kwa mkono kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Kichujio cha kelele ukikikaza sana kinakula sauti ya juu ya Frida, mwimbaji mwenzake Agnetha, kule nyuma.