Jinsi ya Kuwafunza Wataalamu Kutathmini Hatari Inayotokana na Watumishi wa Ndani

Mafunzo ya kutathmini hatari ya mtumishi kuidhuru taasisi yake mwenyewe yasianze na orodha ya tabia za mtu wa kutiliwa shaka. Anayefunzwa kwa orodha hutoka darasani akiwashuku wakimya, wenye madeni na waliokosana na wakubwa wao, na hakuna ofisi isiyo na watu hao. Aanze na fursa: nani amepewa uwezo wa kufanya nini, na kazi yake inakaguliwa na nani.

Kisa kinachofaa kufundishia ni cha benki ya Barings ya Uingereza, iliyoanguka Februari 1995 baada ya Nick Leeson, aliyekuwa akiiwakilisha katika masoko ya fedha ya Singapore, kuficha hasara katika akaunti namba 88888 hadi ikafikia pauni milioni 827. Wape washiriki mgawanyo wa majukumu wa ofisi yake ya Singapore pasipo majina wala mwisho wa kisa, kisha waulize hatari iko wapi. Wengi watamchambua mtu. Wavumilie mpaka mmoja wao atambue kwamba aliyekuwa akinunua na kuuza ndiye pia aliyesimamia ofisi ya kuthibitisha miamala hiyo. Hapo ndipo uwaeleze kwamba wakaguzi wa ndani walilitaja jambo hilo mwaka 1994, na wakubwa hawakulirekebisha. Kwa maoni yangu, sehemu hii ina uzito kuliko kisa chenyewe, kwa sababu tathmini isiyopima namna uongozi ulivyoitikia onyo imepima nusu tu ya hatari.

Zoezi la pili liwe la jalada la kubuni. Karani wa benki amefungua taarifa za akaunti sita zisizotumika, saa mbili usiku, na mwezi uliopita alinyimwa cheo. Mshiriki aandike katika safu tatu: kilichoonekana, kinachodhaniwa, na maelezo mengine yanayowezekana. Kufunguliwa kwa akaunti ni jambo lililoonekana. Nia ya kuiba ni dhana. Huenda meneja ndiye aliyemwagiza ahakiki taarifa za wateja, na agizo hilo hutafutwa kabla ya mtu kuitwa kuhojiwa.

Tathmini ifanywe na jopo la watu wa utumishi, TEHAMA, sheria na ukaguzi wa ndani, kwani kila mmoja huona kipande chake. Mwanasheria awaeleze mapema mipaka ya kukusanya taarifa za watumishi chini ya sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019, au ile ya taarifa binafsi ya Tanzania ya 2022.

Mwishoni, vikundi viwili vipewe jalada lilelile bila kushauriana. Viwango vyao vya hatari vikipishana sana, usitafute wastani. Warudishe kwenye safu ya kwanza, waonyeshane ni kipi hasa kilichoonekana.