Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza Uzamili wa Jiofizikia

Karibu kila mwaka hunijia hapa Tanga vijana wawili watatu waliohitimu shahada ya kwanza ya jiolojia au ya fizikia, wanaotaka kuendelea na uzamili wa jiofizikia ya dunia ngumu, yaani elimu inayochunguza ganda la dunia, tabaka lililo chini yake hadi kina cha kilomita 2,890 hivi, na kiini kilichomo ndani kabisa, kwa njia ya mitetemo, uvutano, sumaku na joto. Wengi huanza kwa kuuliza habari za ufadhili. Swali hilo ni la haki, ila halistahili kutangulia, kwa sababu niliowaona wakikwama katika masomo haya walikwamishwa zaidi na hisabati kuliko na ukosefu wa fedha.

Kwa hiyo mwombaji aanze kwa kuipima hisabati yake bila kujionea huruma. Anahitaji kalkulasi ya vigeu vingi, vekta, matriksi, milinganyo ya mawimbi, na mbinu ya Fourier ya kuutenganisha mtetemo mmoja kuwa mawimbi ya masafa mbalimbali. Mambo haya si mapambo. Hakuna aliyewahi kushuka kilomita 40 chini ya ardhi akaona kilichopo. Tunachopata ni muda ambao wimbi limetumia kusafiri hadi kituoni, na kazi yetu ni kurudi nyuma kutoka kwenye muda huo hadi kwenye mwamba ulioupitisha. Ugumu ni kwamba majibu mengi tofauti huweza kulingana na vipimo vilevile: jiwe pana na jembamba lililo karibu na uso wa ardhi na jiwe nene la mviringo lililo chini zaidi huweza kuacha alama za uvutano zinazofanana sana. Mwanafunzi asiyejua matriksi huiona picha ya rangi kwenye kompyuta akaiamini yote, ilhali anayezijua huuliza ni sehemu ipi imetokana na vipimo na ni ipi imetokana na dhana za aliyeichora.

Lipo zoezi moja ninalowapa wote. Chukulia kwamba umepima uvutano ufukweni Tanga, kisha ukapanda hadi Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa kila mita unayopanda uvutano hupungua kwa miligali 0.3086 (miligali ni kipimo kidogo cha nguvu ya uvutano), hivyo kwa kimo hicho pekee unatarajia upungufu wa miligali 432. Hata hivyo, mlima ulio chini ya miguu yako nao unakuvuta. Ukiukadiria kuwa bamba pana la mwamba lenye msongamano wa gramu 2.67 kwa kila sentimita ya ujazo, utarudisha miligali 157 hivi. Kinachosalia baada ya hesabu hizo, na baada ya kusahihisha latitudo na umbo la milima na mabonde, ndicho kinachotueleza habari za miamba iliyofichika. Ukiweza kufafanua kwa maneno yako mwenyewe kwa nini hesabu ya kwanza hupunguza na ya pili huongeza, na nini hubadilika kwa kuwa Usambara si bamba bali ni mlima unaokatika ghafla kuelekea Mombo, umekwisha kuwa tayari kwa darasa la uvutano.

Aliyetoka upande wa fizikia ana deni la namna nyingine, nalo hulipwa kwa miguu. Na ayatembelee mapango ya Amboni, yaliyomo katika mawe ya chokaa ya kipindi cha Jura, kisha apande Usambara akaishike kwa mkono miamba mikongwe zaidi, iliyopikwa kwa joto na mgandamizo mkubwa chini ya ardhi kabla ya kuinuliwa. Hapo ndipo ile 2.67 inapoacha kuwa namba tupu.

Kompyuta nayo isisubiri siku ya kufungua chuo. Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu, mapema, pamoja na ObsPy, programu ya bure ya kuchakata mitetemo, kwa kuwa kumbukumbu za vituo vingi vya dunia hupatikana bila malipo. Pakua za tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, utafute lilipoanza wimbi la kwanza, lile la haraka, na lilipoanza la pili, lile la polepole. Kwa kituo kisicho mbali sana, zidisha sekunde zilizo kati yao kwa 8, upate makadirio ya umbali kwa kilomita.

Kisha uwe na swali lako. Afrika Mashariki inaendelea kupasuka, bamba la Somalia likiachana na bamba la Nubia (hapa bamba ni kipande kikubwa mno cha tabaka la nje la dunia) kwa milimita chache kwa mwaka. Mwaka 2007 ardhi ya karibu na Ziwa Natron ilitetemeka na mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai ukalipuka. Na usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilitokea chini ya bahari, kusini mashariki mwa Dar es Salaam. Sisi watu wa pwani tuna sababu ya kutaka kujua ni nyufa zipi zilizo hai chini ya maji yetu. Msimamizi anayeshughulika na swali la namna hiyo ni wa kutafutwa kuliko chuo chenye jina kubwa, na barua inayomwonyesha kwamba umesoma maandishi yake na umeona pengo ndani yake hujibiwa upesi kuliko sifa ndefu.

Upande wa karatasi, omba matokeo rasmi ya masomo miezi kadhaa kabla, fanya mtihani wa Kiingereza ikiwa chuo kinaudai, na kama unaelekea nje, iulize TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, mapema utaratibu wa kutambua shahada zinazotolewa nje ya nchi, usije ukayauliza hayo ukiwa umekwisha kurudi nayo mkononi.