Lisini na methionini kwa ng'ombe wa maziwa: anza na dagaa kabla ya kununua za kopo

Maziwa yakisimama, wafugaji wengi wa Unguja na Pemba huongeza pumba. Pumba zinatia nguvu, lakini maziwa yanataka protini pia, na protini hujengwa kwa asidi amino. Kwa ng'ombe wa maziwa, mbili ndizo huadimika mwanzo: lisini na methionini.

Tumbo la kwanza la ng'ombe limejaa vijidudu. Huvunja sehemu kubwa ya protini anayokula, hutengeneza yao, kisha wao wenyewe humeng'enywa mbele ya safari. Protini yao ni bora sana. Ndiyo maana methionini ya unga inayouzwa kwa kuku haimfai ng'ombe: huvunjwa mle mle kabla ya kufika kwenye utumbo. Iko iliyofunikwa ili ipite salama, nayo hufanya kazi, ila tija yake huonekana zaidi kwa ng'ombe wa maziwa mengi aliyekwisha kushiba chakula kizuri. Ikiwa wako anatoa lita 8 au 10, fedha hiyo nunulia mashudu na dagaa.

Kwanza walishe vijidudu. Mpe majani ya tembo mabichi kilo 40 hadi 50 kwa siku, yakatwe yangali laini, yakifika usawa wa kifua cha mtu. Ongeza kilo 5 za majani ya mti wa gilirisidia. Yakatwe jioni, yalazwe kivulini hadi asubuhi, maana yakiwa mabichi harufu yake humfanya ng'ombe ayakatae.

Kisha changanya chakula cha ziada. Kwa kilo 100: pumba za mahindi 55, mashudu ya nazi 20, mashudu ya alizeti 15, dagaa waliosagwa 7, madini ya ng'ombe 2, chokaa ya mifugo 1. Mchanganyiko huu una protini kama asilimia 17. Ng'ombe wa lita 10 apewe kilo 4 kwa siku, nusu kila wakati wa kukama. Hapo anapata dagaa gramu 280; usivuke gramu 300, maziwa yasije yakanuka samaki.

Kila kimoja kina kazi yake. Mashudu ya nazi tunayo karibu, lakini ni maskini wa lisini na methionini. Alizeti ina methionini nzuri na lisini haba. Dagaa wana zote mbili, na kwa kuwa wamechemshwa na kukaushwa, sehemu kubwa ya protini yao hupita tumbo la kwanza bila kuvunjwa. Machicha ya jikoni usiyahesabu kuwa mashudu: protini yake ni kidogo, na yakilala siku moja huchacha.

Dagaa ndio wenye matatizo mengi. Waliokaushwa chini huja na mchanga: tia konzi moja ya unga wao kwenye gilasi ya maji, koroga, subiri dakika chache. Mchanga ukituama chini kwa wingi, umelipia mchanga. Dagaa wazima wachekeche kabla ya kuwasaga. Halafu waonje. Wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi, kwa hiyo usiongeze chumvi nyingine, na maji ya kunywa yasikosekane hata saa moja. Ukisaga, changanya kwanza na kilo 5 za pumba, ndipo umwage kwenye zilizobaki. Ukiwatupa moja kwa moja hukaa mafungu mafungu.

Mashudu yachague kwa rangi. Yanayofaa ni ya kahawia nyepesi. Yakiwa meusi yenye harufu ya kuungua, yamepata moto mno kiwandani, na lisini ndiyo huharibika kwanza. Hata protini ikisomeka nyingi, ng'ombe haipati. Yenye ukungu yatupe, usijaribu kuyaanika. Sumu ya ukungu huingia kwenye maziwa, na watoto ndio wanaoyanywa. Wakati wa masika usinunue ya kukaa zaidi ya wiki tatu, na magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Anza na robo ya kiasi, ongeza polepole kwa siku 10. Pima maziwa kila siku kwa chombo kile kile, uandike. Tazama na kinyesi. Kikiwa kigumu na kimejipanga tabaka tabaka, protini bado ni ndogo au majani yamekomaa. Kikiwa chepesi sana, protini imezidi nguvu iliyomo: punguza gilirisidia, uongeze kilo moja ya muhogo mkavu uliomenywa, au molasi nusu lita iliyochanganywa na maji. Baada ya wiki mbili tangu afikie kiasi kamili, linganisha lita zilizoongezeka na bei ya dagaa. Zisipolipa, chunguza majani kwanza kabla ya kulaumu mchanganyiko.