Paka Akipotea Kondele, Usianze Mbali

Paka wangu Chausiku alipotea siku 4. Nilizunguka mtaa wote wa Kondele, hapa Kisumu, hadi stendi ya matatu, kumbe alikuwa darini kwa jirani, nyumba ya tatu tu. Kwa hiyo anza karibu. Paka mwenye hofu hujibanza, haitiki hata akisikia sauti yako. Omba ruhusa ukague stoo, nyuma ya matangi, chini ya mabati yaliyorundikwa, hata ndani ya boneti za magari yaliyoegeshwa.

Wakati mzuri ni saa tano usiku na kuendelea, pikipiki zikishatulia. Shika tochi usawa wa macho yako, umulike polepole chini chini. Macho ya paka hurudisha mwanga. Kaanga omena bila chumvi, uiache mlangoni. Majirani watauliza una mgeni gani. Ukimwona usimkimbilie: chuchumaa, umwite taratibu.

Mabango nilibandika, lakini aliyeniletea habari ni mtoto wa darasa la pili: "Mama, kuna kitu kinalia juu kwetu." Waambie watoto wa ploti mapema. Mlinzi naye mwachie namba ya simu.